Tusimwite Mtoto Mjinga

Leo nataka kuwasimulia habari za kitu ambacho kila mtu anacho, wala hakuna aliyepata kukiona chake mwenyewe: ubongo. Tena nitaanza na kosa langu mimi.

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Mumosho, nilikuwa nikifundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Mmoja wao, mvulana wa miaka kumi hivi, alisinzia kila siku. Nilipomwuliza somo la jana alinitazama tu. Siku moja nikamwita mjinga mbele ya wenzake, nao wakacheka. Juma lililofuata hakuja. Nikakutana na nyanya yake njiani, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, mwanangu, mtoto huyu huamka jogoo wa kwanza. Hubeba makaa mpaka Panzi, ndipo anakuja kwako. Mara nyingi hajatia kitu mdomoni tangu jana." Nikaona haya. Tangu siku ile nimetafuta kujua: yule tunayemwita mjinga, ni nini hasa kimemzuia asishike masomo?

Mwafrika aliyechapwa shuleni

Neno hili si la jana. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, nchi iitwayo leo Aljeria. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza jinsi alivyochapwa shuleni, akamwomba Mungu kwa machozi asipigwe tena, na wakubwa wakamcheka. Tena anaeleza jambo la ajabu. Kilatini alijifunza kwa walezi wake, katika kucheka na kucheza, nacho kikaingia upesi. Kigiriki alifundishwa kwa vitisho, akakichukia. Yeye mwenyewe akaona kwamba hamu ya mtoto hufundisha kuliko fimbo.

Basi, Augustino aliliona jambo, lakini sababu yake katika mwili hakuweza kuijua. Sababu ilingoja miaka elfu moja na mia tano.

Waganga wafungua mlango

Mwaka 1861, huko Paris, mganga Paul Broca alimtunza mgonjwa aliyeweza kusema silabi moja tu, "tan", ingawa aliyoambiwa aliyaelewa. Alipokufa, Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta umeharibika mahali pamoja, upande wa kushoto, kwa mbele. Hivyo watu wakaanza kusadiki kwamba kazi za ubongo zina mahali pake.

Baadaye Mhispania, Santiago Ramón y Cajal, alitazama vipande vyembamba vya ubongo katika hadubini. Akaonyesha kwamba ubongo ni chembe nyingi mno, kila moja imesimama peke yake, ina matawi kama mti, na matawi hayo yanakaribiana na ya jirani. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1906, pamoja na Mwitalia Camillo Golgi.

Mwaka ule ule wa 1906 una maana kwetu pia. Ndipo Baba Mtakatifu na Serikali ya Mfalme Leopold II walipopatana kwamba misheni za Kongo zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Na ndipo Mapadri Weupe walipoanza misheni ya Nyangezi, jirani yetu. Basi shule na elimu ya ubongo zilisafiri pamoja, kila moja njia yake, bila kujuana.

Zilikuja kukutana wapi? Hapa hapa Kivu.

Lwiro na Idjwi

Kila mtu wa Bukavu anajua Lwiro, kaskazini, karibu na Katana. Pale Wabelgiji walijenga makao ya chuo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947, kwa jina IRSAC. Watu wa siku hizi wanapajua zaidi kwa sababu ya sokwe. Lakini pale palifanywa kazi kubwa juu ya watoto wetu.

Wazee wanakumbuka watu wenye rovu, yaani uvimbe mkubwa shingoni. Katika kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa letu, waliokuwa nalo walikuwa wengi mno. Tena katika jamaa kadha wa kadha walizaliwa watoto wafupi, wazito wa kusema, wengine viziwi, ambao akili zao hazikukua. Watu walisema: wamerogwa. Wengine walisema: ni adhabu ya ukoo.

Katika miaka ya 1960 waganga wa Kibelgiji, kama François Delange na André Ermans, walizunguka Idjwi kijiji kwa kijiji. Walipima shingo, damu na mkojo. Wakaona kwamba chakula cha kisiwa kina upungufu wa iodini. Iodini ni kitu kidogo sana, mwili wahitaji chembe tu kwa siku, nacho hupatikana hasa katika vitu vya baharini. Bahari iko mbali nasi, na udongo wa milima yetu umeoshwa na mvua. Pasipo iodini, tezi ya shingoni haiwezi kutengeneza maji yake yanayokuza mwili na ubongo. Tezi hujitahidi, huvimba, na kumbe haifaulu. Mama mwenye mimba akikosa iodini, ubongo wa mtoto wakosa kujengwa vema kabla hajazaliwa. Kosa hilo halirudishwi tena na mwalimu yeyote.

Lakini palikuwa na fumbo. Iodini ilipungua kisiwani kote; mbona kaskazini rovu lilienea kila mahali, na kusini-magharibi wenye rovu walikuwa wachache? Baada ya miaka ya kutafuta, jibu likaonekana ndani ya chungu: muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri huacha sumu, na mwili ukiigeuza sumu hiyo, kile kinachotoka huizuia tezi kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo. Wataalamu walichapisha kitabu kizima juu ya habari hii mwaka 1980.

Dawa yake ni rahisi kuliko gonjwa lenyewe. Mwaka 1990 wakuu wa mataifa walikutana New York kwa ajili ya watoto, wakaahidi kuondoa upungufu wa iodini duniani, na njia kubwa iliyotumika ni kuitia katika chumvi. Basi pakiti ya chumvi sokoni ni matunda ya kazi ile ya Idjwi na ya nchi nyingine nyingi. Watoto waliosemwa wamerogwa walikosa iodini, wala hapakuwa na mchawi.

Chakula na mchezo

Tumbo peke yake halitoshi. Katika miaka ya 1980, huko Kingston katika kisiwa cha Jamaika, wataalamu walichagua watoto wadogo 129 waliodumaa kwa njaa. Wengine walipewa maziwa. Wengine walitembelewa kila juma na mhudumu aliyemfundisha mama kucheza na mtoto, kumwimbia na kuzungumza naye, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupewa lolote. Baada ya miaka 2, maziwa yalisaidia, mchezo ulisaidia, na waliopata yote mawili walizidi wenzao. Miaka 20 baadaye, wale waliochezewa walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa robo hivi. Angalieni: hapakuwa na mashine wala fedha nyingi. Palikuwa na mama na muda wake.

Kushika na kusahau

Sasa tuingie darasani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akatangaza mwaka 1885 kwamba tunasahau upesi mno saa za kwanza, kisha polepole. Tena kujifunza kidogo kidogo kwa siku nyingi kwafaa kuliko kujifunza mengi kwa siku moja. Mwaka 1924 Wamarekani wawili, Jenkins na Dallenbach, walionyesha kwamba aliyejifunza kisha akalala hukumbuka kuliko aliyekesha. Usingizini ubongo hurudia na kupanga mambo ya mchana. Na mwaka 2006 ilithibitishwa tena kwamba mwanafunzi anayeulizwa maswali hushika zaidi kuliko anayesoma tu mara kwa mara. Hapo sisi makatekista tunaweza kutabasamu, maana maswali na majibu ndiyo kazi yetu ya zamani, mradi mtoto aelewe anachojibu.

Na hofu je? Mtoto akiogopa sana, mwili humwaga katika damu maji ya kumtayarisha akimbie au ajikinge, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kufikiri, hulegea. Ndiyo sababu ya lile alilosema Augustino. Watoto wetu wamejua milio ya bunduki tangu mwaka 1996. Je, tuwaongezee hofu nyingine shuleni?

Liko na jambo la lugha. Anayejifunza kusoma huunganisha herufi na sauti za maneno anayoyajua tayari. Mtoto wa Mumosho anasema Mashi nyumbani na Kiswahili sokoni. Akikutana na herufi kwa Kifaransa tu, abeba mizigo miwili kwa mara moja. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 yasema lugha za taifa au za mahali zitumike katika kufundisha. Tuitumie.

Basi tufanye nini?

Wazazi, nunueni chumvi yenye iodini, ifunikeni vema, itieni chakula kikikaribia kuiva. Loweka muhogo siku za kutosha. Watoto wapate maharagi, na sambaza wakipatikana. Walale mapema. Akina baba, simulieni hadithi jioni. Hiyo ni shule. Walimu, rudieni somo la jana kabla ya kuanza la leo, ulizeni kwa upole, na fimbo ikae nje.

Mimi nilikwenda kwao yule mvulana, nikamwomba radhi mbele ya nyanya yake. Alirudi juma la tatu. Akina mama wa shirika letu wakaanza kupika uji kwa zamu, na somo likahamishwa mpaka saa nne, ili wanaobeba mizigo wapate kupumzika kidogo. Hakuwa wa kwanza kati ya wenzake, lakini alijibu. Siku aliyojibu swali lote bila kukosea, hakuna aliyecheka.