Farasi Wasiofika Manzese

Jumamosi ya mwezi Juni, saa mbili asubuhi, Ulaya haijapiga mswaki na ligi zake kubwa zimekwisha. Melbourne ni saa tisa alasiri. Kwa hiyo kwenye vibanda vya kubeti kati ya Tip Top na Manzese Darajani, mkeka wa kwanza wa siku ni wa Australia. Kijana ambaye hajawahi kupanda ndege atakuambia, bila kusitasita, kwamba timu za jimbo la Victoria hazijui kukaba, kwamba ukiona Heidelberg United iko nyumbani uweke ova 2.5, na kwamba mvua ya Melbourne haimsaidii mgeni. Kwenye televisheni ya pembeni, farasi sita wa kompyuta wanajipanga kwenye mstari. Baada ya dakika chache watakuwa wamekimbia, mmoja ameshinda, na wengine sita wanajipanga tena.

Mimi nasoma historia, shahada ya uzamili, na nimepanga chumba Manzese kwa sababu kodi ya huku naimudu. Swali ambalo wenzangu wa semina waliliona la utani ni hili: farasi na timu za Australia zilifikaje hapa, mahali ambapo mtu anaweza kuishi miaka sabini bila kumgusa farasi? Jibu ni refu, na sehemu yake kubwa haipiti Manzese hata kidogo.

Tuanze na timu. Mkeka wa asubuhi umejaa majina ya klabu ndogo za Melbourne na Sydney, na nyingi kati ya hizo zilianzishwa na wahamiaji baada ya Vita vya Pili vya Dunia: Wagiriki, Waitaliano, Wakroatia, Wamasedonia. Melbourne Knights ilijulikana kama Melbourne Croatia, South Melbourne ilikuwa ya Wagiriki, na Preston ni ya Wamasedonia. Waaustralia wenyewe walipenda zaidi kriketi, raga na ule mpira wao wa mviringo wa yai, na soka wakawaachia wageni. Lakini kuanzia 1949 makampuni ya Uingereza yaliyoendesha kamari ya kubashiri matokeo kwenye kuponi, ile iliyoitwa pools, yalikuwa na shida moja kila mwaka: ligi ya Uingereza ikifungwa, wateja hawana cha kujaza. Wakatazama kusini, ambako kiangazi cha Uingereza ndicho kipupwe na mpira unachezwa. Tangu hapo mfanyakazi wa kiwanda Liverpool akawa anaweka alama ya X kwenye mechi ya timu ambazo hata majirani zake Australia hawakuwa wakizitazama. Nigeria nako kamari hiyo ilishika mizizi kiasi kwamba mwaka wa mchezaji ulikuwa na misimu miwili tu, wa Uingereza na wa Australia.

Kwa hiyo kijana wa Tip Top anayesema "leo naanza na Australia" hafanyi jambo jipya. Anaziba pengo lile lile la kalenda.

Farasi wana historia ndefu zaidi, na kwa Australia wao ndio walioanza. Kombe la Melbourne lilikimbiwa mara ya kwanza 1861, na farasi aliyeitwa Archer akalichukua mwaka huo na uliofuata. Mpaka leo linakimbiwa Jumanne ya kwanza ya Novemba, mita 3,200, na Melbourne huwa ni sikukuu ya serikali. Hebu fikiria Dar es Salaam ikifunga ofisi kwa ajili ya mbio za ngalawa. Farasi wao maarufu kuliko wote, Phar Lap, alishinda Kombe hilo 1930 baada ya watu kujaribu kumpiga risasi siku chache kabla, na alipokufa California 1932 wakamgawana: ngozi iko makumbusho ya Melbourne, moyo uko Canberra, mifupa iko New Zealand alikozaliwa. Watakatifu wa kale waligawanywa hivyo. Na 2015 Michelle Payne akawa mwanamke wa kwanza kulishinda, juu ya farasi ambaye odi zake zilikuwa mia kwa moja. Habari hiyo ya mia kwa moja ndiyo inayokumbukwa na kila mtu anayebeti. Waliopoteza siku hiyo hawana makumbusho.

Kando ya mbio hizo ndiko biashara ya kupokea madau ilikokuzwa. Mashine kubwa ya kwanza ya kujumlisha madau yenyewe ilifungwa kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Auckland, New Zealand, 1913, kazi ya mhandisi George Julius, aliyeishi Australia. Mwanzoni alikuwa ameibuni kwa ajili ya kuhesabu kura. Serikali haikuitaka, akawauzia watu wa farasi. Mashine ile ni babu wa skrini inayobadilisha odi mbele yako pale kibandani.

Sasa tuje kwetu. Neno farasi tulilipata kwa Waarabu pamoja na mnyama mwenyewe, na mwambao ulimfahamu zamani. Binti wa Sultani, Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, ameeleza kwenye kumbukumbu zake jinsi watoto wa jumba la Mtoni, Unguja, walivyofundishwa kupanda farasi. Lakini alibaki mnyama wa jumbani na wa visiwani. Bara alikuwako mbung'o. Anauma, farasi anapata nagana, anakonda, anakufa. Mwaka 1916 jeshi la Smuts lilipoingia Tanganyika kuwafukuza Wajerumani, kikosi cha wapanda farasi kutoka Afrika Kusini kilikwenda hadi Kondoa, na farasi wakafa kwa maelfu njiani. Farasi wakifa, mzigo hauendi wenyewe. Ukabebwa na watu. Waafrika waliokamatwa na kuandikishwa kuwa wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na uchovu, na kambi yao hapa Dar es Salaam iliacha jina ambalo kila konda wa daladala hulitamka mara mia kwa siku: Kariakoo, kutoka Carrier Corps.

Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu hiyo hiyo. Na pembeni ya Kariokor ya Nairobi inapita barabara ambayo bado inaitwa Racecourse Road, barabara ya uwanja wa mbio za farasi. Nilipoona majina hayo mawili yamelala ubavu kwa ubavu kwenye ramani, nilikaa nayo kwa muda. Nyanda za juu za Kenya hazina mbung'o wengi, walowezi waliweza kufuga, na wakakimbiza farasi wao karibu na mahali palipobeba jina la watu waliofanywa kuwa farasi.

Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari ya Mau Mau, ukafunguliwa uwanja wa Ngong Road, ambao mpaka leo una mbio. Beryl Markham, aliyevuka Atlantiki peke yake kwa ndege 1936, kwanza alikuwa mfunzi wa farasi wa mashindano huko Kenya, na uzeeni alirudi kuishi kwenye nyumba ndogo ndani ya uwanja huo. Nimesoma kurasa nyingi juu yake. Juu ya vijana waliosafisha mazizi yake nimepata mistari michache sana. Tanganyika haikupata uwanja wa kulingana na huo, na ukiniuliza mimi, mbung'o alitusaidia.

Kamari yenyewe haikuhitaji farasi. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Bunge letu lilipitisha sheria ya pools na bahati nasibu. Wanafunzi wenzangu hucheka nikiwaambia, kwa sababu tumefundishwa kuukumbuka 1967 kama mwaka wa mabenki kutaifishwa na viongozi kukatazwa mishahara miwili. Mwaka uliofuata kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafunguliwa, hatua chache kutoka Manzese, kwa msaada wa China. Watu walihamia, wakajenga bila kupimiwa viwanja, na kufikia miaka ya 1970 Manzese ilikuwa makazi makubwa kiasi kwamba Benki ya Dunia ilitoa fedha za kuingiza barabara na maji badala ya kuyabomoa. Mtaa huu ulijengwa kwa mshahara wa kiwandani. Mshahara ulipopungua miaka ya 1980 na 1990, nyumba zilibaki, watoto wakazidi, na kazi ikawa ni kile unachokipata leo kabla jua halijazama.

Hapo ndipo kubeti kulipokuta nafasi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ilipitishwa 2003, na Bodi yake ikaanza kutoa leseni. Mwaka 2008 pesa zikaingia kwenye simu. Julai 2017 Wayne Rooney alifunga bao kutoka mbali Dar es Salaam, akiwa na Everton dhidi ya Gor Mahia, kwenye ziara iliyogharimiwa na kampuni ya kubeti iliyokuwa inawadhamini Simba na Yanga kwa wakati mmoja. Watu wazima walilia kwa furaha. Mimi mwenyewe bado naliona lile bao zuri.

Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa dereva wa bodaboda wa mkataba. Mkataba ni hivi: pikipiki ni ya tajiri, unampelekea hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, na baada ya miezi kumi na minne inakuwa yako. Alifika mwezi wa kumi na moja. Hesabu ile ndiyo iliyoanza kwenda kwa farasi. Sikumuuliza kwa nini farasi, yeye ndiye aliyenieleza.

"Kaka, mpira unakuweka dakika tisini. Farasi dakika mbili ushajua. Ukipigwa unarudi barabarani, unatafuta kichwa kingine."

Alikuwa na daftari. Aliandika namba za washindi tangu asubuhi, akitafuta mpangilio: namba tatu haijashinda kwa mbio kumi na moja, kwa hiyo lazima. Mtu wa Ngong au Melbourne akiandika daftari ana cha kuandika, kwa sababu farasi wake ana mama, ana goti linalouma, ana uwanja mkavu anaoupenda. Farasi wa kibandani hana goti. Mshindi anachaguliwa na programu inayozalisha namba za kubahatisha, kisha picha inachorwa kufuata. Namba tatu haijui kwamba haijashinda.

Mkeka wa mpira nao una hesabu yake. Chukua mechi kumi, kila moja odi 1.50. Weka shilingi 1,000, unaahidiwa 57,665. Odi ya 1.50 inadai kwamba timu hiyo ina nafasi mbili kati ya tatu za kushinda, lakini kampuni inakata faida humo humo, kwa hiyo nafasi halisi tuseme ni asilimia 62. Zidisha hiyo kwa yenyewe mara kumi: mkeka unatiki mara nane na ushei katika elfu. Kwa wastani, kila shilingi 1,000 inarudisha kama 484, kabla ya kodi. Kidogo kinachokatwa kwenye mechi moja kinazidishwa mara kumi, na ndiyo maana mabango yanasifu mikeka mirefu.

Nilimchorea hesabu hii nyuma ya daftari lake. Aliisoma vizuri tu, shule aliimaliza. Akasema, "Sawa. Na kwa kuweka akiba mia tano mia tano, nyumba naipata mwaka gani?" Nikapiga na hiyo hesabu. Sikumwonyesha jibu.

Tajiri alichukua pikipiki mwezi wa kumi na mbili. Siku hizi anabeba mikungu Mahakama ya Ndizi, Mabibo.

Kwenye vibanda, kampuni inaitwa Mhindi, bila kujali mwenye leseni ametoka nchi gani. "Leo namla Mhindi." Ni jina la duka la kona la enzi za wazazi wetu, aliyekukopesha sukari na kuandika deni kwenye kitabu chake. Jina hilo si haki kwa Wahindi wenyewe, lakini linaonyesha jinsi mtaa unavyouona uhusiano huu: kuna mtu nyuma ya kaunta, anakujua, na siku moja utamzidi ujanja. Septemba 2013 polisi wa Victoria waliwakamata wachezaji na kocha wa Southern Stars, klabu ndogo ya Melbourne iliyopangiwa matokeo na mtandao wa kamari wa Asia. Watazamaji wa mechi zake walikuwa wa kuhesabika, na fedha zilizobetiwa juu yake zilikuwa nyingi, kwa sababu tu ilikuwa kwenye orodha, saa ambayo Ulaya imelala. Nilipomsimulia binamu yangu, alichosikia ni kwamba kweli kuna watu wanaojua matokeo kabla, na inabaki kuwapata. Kuna wanaomuuzia "uhakika" huo kwenye simu kila Ijumaa jioni.

Farasi wa kweli wapo Dar es Salaam. Polisi wana Kikosi cha Mbwa na Farasi, na siku za mechi kubwa unaweza kuwaona uwanjani Temeke, warefu kuliko walivyo kwenye skrini, wakisukuma foleni ya watu wenye tiketi. Binamu yangu aliwaona mara moja, mechi ya Simba na Yanga. Alisema wananuka jasho, na kwamba mmoja alikuwa anachechemea mguu wa nyuma.