Ulinganishi wa kiethnografia na uongozi wa kale: mfano wa Getutu

Ulinganishi wa kiethnografia ni njia ya kufasiri mabaki ya jamii zisizoacha maandishi kwa kutazama jamii ambazo desturi zake zimeshuhudiwa na kuandikwa. Mwanaakiolojia hufukua kuta, vyungu na makaburi; amri ya mzee haifukuliki. Ndiyo maana swali la nani aliyetawala hujibiwa kwa mifano ya kuazima, hasa madaraja ya mwanaanthropolojia Elman Service ya 1962: kundi, kabila, uchifu, dola.

Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii nchini Kenya, imo katika Getutu (Kitutu), sehemu ya nchi ya Wagusii, na Getutu huyatia madaraja hayo mashakani. Kabla ya Waingereza kuwashinda Wagusii mwaka 1908, sehemu kubwa ya Wagusii haikuwa na mtawala. Mashauri yaliamuliwa na wazee wa ukoo, na mwenye ng'ombe, wake na wana wengi alisikilizwa kuliko wenzake. Getutu, iliyopokea wageni wengi, ilikuwa tofauti: huko ukoo wa Nyakundi ulishika cheo cha kurithi cha omogambi, yaani mtawala. Hata hivyo nyumba, wimbi na mifugo vilifanana pande zote. Mchimbaji asiye na masimulizi ya wazee angeona jamii moja, uongozi wa aina moja.

Kosa la upande wa pili lingetokea kwenye egesarate, kambi ya ng'ombe yenye boma walimolala vijana wasiooa wakilinda mifugo, hadi serikali ya kikoloni ilipoivunja miaka ya 1910. Mabaki yake yangeweza kuitwa ngome ya chifu kwa urahisi. Tahadhari hiyohiyo yafaa magofu ya Thimlich Ohinga, Migori, ambako kuta za mawe hufikia mita 4.5: zinathibitisha kazi ya pamoja, hazimtaji aliyeiamuru.

Mwanafalsafa wa akiolojia Alison Wylie alitetea ulinganishi wa kiethnografia mwaka 1985 kwa sharti kwamba kufanana kwa vitu hakutoshi. Lazima sababu inayounganisha vitu na mamlaka ionyeshwe. Tena, hata maandishi ya kulinganishia yana mipaka: wanaanthropolojia Philip Mayer na Robert LeVine waliwachunguza Wagusii miaka ya 1940 na 1950, machifu wa serikali wakiwa wameshazoeleka. Kwa Getutu, msomaji aanze na kitabu cha William Ochieng' cha 1974 kuhusu historia ya Wagusii kabla ya ukoloni.