Ukuta Usiofika Paani: Sauti na Mbu katika Nyumba ya Mabati

Mijadala kuhusu umbo la chumba huanzia sakafuni: urefu, upana, pembe. Lakini katika nyumba nyingi za mabati za Afrika Mashariki, jambo lenye uzito zaidi liko juu, pale ukuta unapokoma kabla ya kulifikia paa. Uwazi huo hupitisha maneno ya chumba kimoja hadi cha pili. Ulio upenuni huingiza mbu. Kwa sauti, hesabu yake ni kali: uwazi ukichukua asilimia 1 tu ya eneo la ukuta, ukuta huo hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ukijengwa kwa zege. Kwa mbu, tabia ya Anopheles gambiae, anayeeneza malaria, inajulikana: akikumbana na ukuta huufuata kwenda juu, kisha hujipenyeza chini ya paa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Gambia ulionyesha kwamba kuweka wavu kwenye milango na madirisha na kuziba upenu kulipunguza mbu ndani ya nyumba kwa asilimia 59. Dari ya wavu peke yake, kwa asilimia 47. Upungufu wa damu kwa watoto nao ulipungua.

Mtaalamu wa sauti atapinga, akisema umbo halina nafasi kubwa hivyo. Kanuni ya Wallace Sabine, aliyeanza kuchunguza kumbi za Harvard mwaka 1895, hupima muda wa mvumo kwa ujazo wa chumba na ufyonzaji wa nyuso zake, umbo halimo. Ni kweli, ila kanuni hiyo huchukulia kwamba sauti imesambaa sawasawa, kama katika ukumbi mkubwa. Chumba cha mita 3 kwa 3 hakiko hivyo: wimbi la hezi 57 hivi hujirudia kati ya kila jozi ya kuta, na besi ya redio huvimba. Hata hivyo kero hiyo ni ndogo ikilinganishwa na jirani anayesikia kila neno.

Pingamizi la joto na moshi ni zito zaidi, kwani uwazi wa juu ndio pumzi ya nyumba. Wavu huacha hewa ipite na kuzuia mbu, lakini kwa sauti ni sawa na kutokuwepo. Dari ya mbao hupunguza kishindo cha mvua kwenye bati, ila huacha ombwe linalopendwa na panya na popo. Tena, likiwa moja juu ya vyumba vyote, sauti hupanda, huvuka na kushuka upande wa pili. Kwa hiyo ukuta wa kugawa vyumba upandishwe hadi kwenye bati kabla dari haijafikiriwa, na wavu uwekwe upenuni, kwenye ukuta wa nje, ambako hewa inahitajika na siri za ndani hazivuki kwenda chumba cha pili.