Nani Aligundua Ebola? Habari ya Kitenzi "Discover"

Sisi tuliokuja Uganda kutoka Kongo tulianza shule kwa Kifaransa, na Kiingereza tumekikuta huku. Kwa hiyo kitenzi "discover" hakikutusumbua sana. Ni ndugu wa "découvrir", na ndani yake unaona "couvrir", kufunika. Kumbe maana yake ya asili ni kufunua, kuondoa kifuniko. Kiingereza cha zamani kilikitumia hivyo hivyo: mtu aliweza ku-"discover" siri yake, yaani kuitoa nje.

Baadaye kikachukua maana ya kuwa wa kwanza kupata kitu. Hapo ndipo kelele zinapoanza, maana wa kwanza kati ya nani? John Hanning Speke alifika kwenye ziwa kubwa mwaka 1858, na mwaka 1863 akatoa kitabu ambacho jina lake lina neno "discovery" juu ya chanzo cha Nile. Lakini kule Kazeh, Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir alikuwa ameshamweleza yeye na Burton kwamba ziwa liko. Na wavuvi waliokuwa wanakula samaki wa ziwa hilo je? Tuwaache, habari hiyo imesemwa sana. Mimi nataka habari ya karibu zaidi, ambayo mzee aliyehusika bado ana sauti yake: Ebola.

Ukisoma makala za sayansi zenyewe, utaona wanasayansi wanakiogopa kitenzi hiki. Hawaandiki ovyo kwamba "tumegundua". Watson na Crick, walipoleta umbo la DNA mwaka 1953, waliandika kwamba wanapenda ku-"suggest", kupendekeza tu. Wengine wanaandika "find", "show", "describe", yaani tumeona, tumeonyesha, tumeeleza. "Discover" huja nyuma, kwenye magazeti na vitabu vya shule, kama medali anayovishwa mtu na wengine. Swali ni wanamchagua vipi wa kumvisha.

Turudi Yambuku, mwaka 1976. Ni misheni ya Wakatoliki upande wa Bumba, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Mwisho wa Agosti mwalimu wa shule ya misheni alishikwa na homa, wakadhani ni malaria, wakamchoma sindano ya klorokwini. Hospitali ile ilikuwa inatoa sindano tano tu kila asubuhi, zikitumika kwa mgonjwa huyu na yule bila kuchemshwa vizuri. Watu wakaanza kufa. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Mpaka mlipuko unaisha, walihesabiwa wagonjwa 318, na 280 kati yao hawakupona.

Sasa angalia nani alifanya nini. Wanakijiji waliona kwamba ugonjwa unafuata waliomhudumia mgonjwa, wakaweka vizuizi barabarani ili mtu asiingie wala kutoka. Daktari wa Bumba, Ngoi Mushola, alifika mwezi Septemba akaandika dalili moja moja: homa, kutapika, kuhara, damu. Kisha Kinshasa ikamtuma Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani aliyekuwa amesomea virusi Ubelgiji. Alitoa damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu. Amesimulia mwenyewe kwamba alipochomoa sindano damu haikukatika, ikamtiririkia vidoleni. Alinawa kwa maji na sabuni, akapona kwa neema tu. Sista mmoja Mbelgiji aliyekuwa mgonjwa alikubali kwenda naye Kinshasa, na huko akafariki.

Damu ya sista ikasafirishwa mpaka Antwerp ndani ya themosi, themosi ya chai kabisa, kwenye mzigo wa abiria wa ndege. Chupa zilikuwa mbili, moja ikafika imepasuka. Katika maabara ile alikuwepo kijana wa miaka 27, Peter Piot. Kwenye hadubini ya elektroni wakaona virusi virefu kama mnyoo, vinafanana na vya Marburg. Maabara ya Atlanta, Marekani, ikathibitisha kwamba ni vipya. Jina likachukuliwa kwenye mto, ili Yambuku isibebe aibu milele. Baadaye ikaonekana kwamba Ebola haukuwa hata mto wa karibu zaidi. Walitazama ramani, basi.

Tarehe 12 Machi 1977 jarida The Lancet lilichapa makala tatu: ya Atlanta, ya Antwerp na ya Porton Down kule Uingereza. Orodha za waandishi hazina jina la Mkongomani hata mmoja. Na vichwa viwili kati ya vitatu vinaanza na neno moja, "isolation", la kitenzi "isolate": kukitenga kirusi na kila kitu kingine mpaka kibaki peke yake.

Hapo ndipo medali inapotengenezwa. Ku-"isolate" kunahitaji maabara iliyofungwa vizuri, seli za kukuzia virusi, hadubini ya bei ya nyumba nyingi. Mwenye vifaa ndiye mtenda wa kitenzi, na miaka inavyopita yule "aliyetenga" anaitwa "aliyegundua". Aliyetoa damu anaingia kwenye kauli ya kutendwa: damu ilitolewa, sampuli zilipatikana. Kama vile zilijitoa zenyewe zikapanda ndege!

Sisemi kwamba kazi ya Antwerp na Atlanta ilikuwa ndogo. Bila hadubini ile tungeendelea kusema ni malaria, au ni homa ya manjano, au mtu kalogwa. Muyembe hakuwa na maabara ya kufanya hivyo Kinshasa, na hilo si siri. Ninachokataa ni kuita hatua ya mwisho peke yake kugundua. Kiswahili chetu kinanisaidia hapa, maana sisi tunasema "nimegundua mtoto ana homa", "wamegundua maji yamechafuka". Kugundua ni kuona jambo ambalo wengine hawajalitilia maanani. Kwa maana hiyo, wale waliokata miti na kufunga barabara waligundua kabla ya The Lancet.

Katika kikundi chetu cha vijana huku Nakivale tulifanya zoezi: kila sentensi ya kitabu yenye "iligunduliwa", igeuze uweke mtenda. Kijana mmoja aliandika majina sita kwa Ebola, akaniambia mstari umejaa. Nilimwambia aongeze mstari.

Muyembe hakunyamaza. Mwaka 1995 kule Kikwit aliwapa wagonjwa 8 damu ya waliopona, na 7 wakaishi. Wataalamu wa nje walisita, kwa sababu hakukuwa na kundi la kulinganisha. Lakini damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ndiyo iliyokuja kuzaa dawa inayoitwa mAb114. Na mlipuko wa 2018 ulipofika Kivu Kaskazini na Ituri, ule uliotufanya tuvuke mpaka tukipimwa joto kwenye paji la uso, Muyembe alisema sampuli zinabaki Kongo: anayetaka kuzichunguza aje INRB, Kinshasa.

Dawa zilijaribiwa huko huko, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kwa wagonjwa 681. Kati ya waliopewa mAb114, kama 35 katika kila 100 walikufa. Kwa dawa ya zamani, ZMapp, walikuwa karibu 50. Makala ilitoka Desemba 2019 katika New England Journal of Medicine. Jina la kwanza ni la Sabue Mulangu, Mkongomani, na la Muyembe limo. Utafiti wenyewe unaitwa PALM. Ukilisoma neno hilo kwa Kiingereza unafikiria michikichi na mawese, lakini ni Kiswahili kimefupishwa: Pamoja Tulinde Maisha. Kitenzi kimo, na mtenda wake ni "tu-".