Taifa, Raia, Mwenyeji: Maneno Matatu na Historia ya Uraia Pwani ya Kenya

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba uraia nchini Kenya ulijengwa juu ya uenyeji uliokuwapo zamani, na kwamba historia hiyo ingali imehifadhiwa katika maneno yenyewe.

Tuanze na neno taifa. Mkenya wa leo alisikiapo huifikiria nchi nzima. Lakini katika Mombasa ya kale neno hilo lilitaja sehemu ya mji. Kulikuwa na Thenashara Taifa: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, pamoja na Tisa Taifa, ambao miongoni mwao ni Wamvita, Wajomvu na Wapate. Makundi hayo yalikuwa na wazee wao, na yalifungamana kwa mapatano na majirani zao wa Kimijikenda. Mtu alikuwa wa Mombasa kwa sababu alikuwa wa taifa mojawapo.

Neno raia lina asili nyingine. Katika Kiarabu lilihusu kundi lichungwalo, kisha watu walio chini ya mtawala. Maana hiyo iliafiki hali ya pwani. Waingereza walitangaza himaya yao mwaka 1895, na bara likafanywa koloni mwaka 1920. Hata hivyo ukanda wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963. Kwa hiyo raia alijulikana kwa mtawala wake, ilhali mwenyeji, yaani mwenye mji, alijulikana kwa jirani zake.

Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru. Kwa jumla, Katiba ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya, ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Sharti hilo liliwaacha nje watu ambao jirani zao hawakuwatilia shaka. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa walikaa Kwale, wakaoa na kuzaa huko. Walikuwa wenyeji bila ya kuwa raia. Sheria ya mwaka 2011 iliwafungulia njia watu wasio na uraia waliokaa nchini tangu uhuru, lakini njia hiyo haikupitika kwa urahisi. Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 walipewa vitambulisho. Wapemba wa pwani walitambuliwa Julai 2023.

Yafaa tuzingatie namna Wamakonde walivyotambuliwa: walitangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Sheria yenyewe ilizungumzia mtu mmoja mmoja na muda wa makazi yake. Serikali ikajibu kwa kuongeza jina katika orodha ya makabila. Twaona hapa mantiki ya Thenashara Taifa ikirejea: mtu huingia katika mji mkubwa kwa kupitia kundi lake.

Huenda ikasemwa kwamba hilo halina madhara, maadamu kitambulisho kimepatikana. Hatukubaliani na rai hiyo. Uenyeji wa zamani ulikuwa ushahidi wa jirani juu ya jirani. Orodha ya makabila ni kauli ya serikali, na asiye na jina ndani yake hubaki mlangoni hata kama mtaa mzima wamjua. Ushahidi wa mtaa ndio unaostahili kupewa uzito katika sheria, kuliko jina la kabila.