Mchele Mweupe na Moyo wa Baharia

Mwaka 1883 manowari ya Japani iitwayo Ryujo ilirudi kutoka safari ndefu. Kati ya mabaharia 376, watu 169 walikuwa wameshikwa na beriberi: miguu huvimba, moyo hutanuka na kulegea. Watu 25 walikufa. Chakula chao kikubwa kilikuwa mchele mweupe.

Daktari Takaki akaomba manowari Tsukuba ipite njia ile ile mwaka 1884, lakini mabaharia wapewe nyama, maziwa na shayiri. Beriberi haikuua hata mmoja. Yeye alidhani kilichopungua ni protini. Alikosea sababu, akapata dawa! Mwaka 1926, kisiwani Java, Jansen na Donath waliitoa vitamini B1 yenyewe katika wishwa, zile tunazowatupia kuku.