Nati ya kibanio (injini za ndege)

Nati ya kibanio ni nati inayoshikiliwa mahali pake na kibati au kizimba, ili fundi akaze bolti kutoka upande mmoja bila spana ya pili nyuma. Katika injini ya ndege hilo si anasa: nati iliyodondoka ikimezwa na injini inaweza kuharibu mapanga ya kompresa.

Aina ya kawaida hufungwa kwa ribiti mbili. Hesi ikilika, ribiti hutobolewa kwa keekee, na chenga za chuma humwagika pale pale zisipotakiwa. Isitoshe, kila tundu la ribiti ni mahali pa ufa kuanzia. Aina ya kuchomoka hupunguza kero ya kutoboa: nati huzuiwa na springi ndani ya kizimba, na hubadilishwa peke yake. Mtihani wa msanifu ni huu: nati icheze kidogo ifuate bolti, lakini isizunguke wala isisukumwe nje. Kufuli la nailoni ndani ya nati, linaloizuia isilegee, hufaa hadi joto la nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Penye moto zaidi hutumika nati za chuma kitupu, zilizobinywa kidogo zisilegee, nyingine zikipakwa fedha ili hesi zisigandane.

Injini za ndege zina historia pia huko Kamina, mkoani Haut-Lomami nchini Kongo (DRC): Wabelgiji walifundisha marubani huko miaka ya 1950 kwa Harvard, ndege ya injini moja ya silinda 9. Novemba 1964, ndege za C-130 za Marekani, zenye injini 4 kila moja, ziliruka kutoka Kamina kwenda Stanleyville, leo Kisangani.